Kabla hujalipia leza ya taya

Ukitafuna ukasikia mchanga unasagika mbele ya sikio, na asubuhi mdomo ni mgumu kufunguka, usikubali kung'olewa jino upesi. Maumivu ya kiungo cha taya hujificha: mara yapo sikioni, mara kwenye gego, mara kichwani. Muone daktari wa kinywa na meno akushike kiungo chenyewe.

Wangu, hapa Moshi, alibonyeza mbele ya sikio huku nikifungua na kufunga mdomo, kisha akataka nipitishe vidole vyangu katikati ya meno, vikiwa vimepangana wima. Mtu mzima kwa kawaida hupitisha vitatu. Mimi viwili, tena kwa taabu. Eksirei ikaonyesha mfupa umechakaa. Gegedu, ule utando mlaini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, lilikuwa limelika.

Ndipo nikaanza leza ya nguvu ndogo. Haikati wala haichomi. Ni mwanga mwekundu, au ule wa infraredi usioonekana kwa macho, wenye urefu wa mawimbi wa kati ya nanomita 600 na 1000 hivi. Mtaalamu anaugusisha mpini wa mashine kwenye kiungo na misuli ya shavu kwa dakika chache, basi. Inaelezwa kwamba mwanga huo huchangamsha seli na kutuliza uvimbe.

Ila leza hairudishi gegedu lililolika. Tafiti za wagonjwa wa taya zenyewe zinapishana: baadhi zimeona maumivu yakipungua, nyingine hazikuona tofauti na mashine iliyozimwa bila mgonjwa kujua. Anayekuahidi kupona kabisa, mshukuru uondoke na hela yako. Mimi ilinipunguzia maumivu, nikaweza kufanya mazoezi, na nina hakika mazoezi ndiyo yaliyonifungua mdomo. Simama mbele ya kioo, ncha ya ulimi iguse kaakaa nyuma ya meno ya juu, fungua taratibu bila ulimi kubanduka. Tanguliza taulo la maji ya moto, hasa Julai, baridi inapotufanya tuume meno bila kujijua.

Makande, muwa, mahindi ya kuchoma na bigijii niliviweka kando. Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ndio mkombozi, na nyama yake ichambuliwe nyuzinyuzi.

Piga simu kliniki yenye leza kwanza uulize kama mashine inafanya kazi, ndipo upande gari. Ukifika, uliza ni nanomita ngapi na kipimo gani cha nishati watakupa. Asiyeweza kujibu asikuguse. Miwani ya kinga muivae wote wawili, wewe na mtaalamu. Kama una mimba au umewahi kuugua saratani, sema mapema. Na diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, isiwe chakula cha kila siku: inaumiza tumbo na figo.

Taya likigoma kabisa kufunguka, au shavu likivimba na homa juu, usisubiri zamu ya leza. Nenda hospitali siku hiyohiyo.