Kabla hujaandika "haziambukizwi"

Wadogo zangu wa Mtwara na Lindi mnaoanza kazi ya kuotesha tishu za wanyama ili kupima kirusi gani kinamwambukiza mnyama gani, mimi ni mzaliwa wa Newala. Mwaka 1952 homa iliwakunja watu viungo huko kwetu hadi ikapewa jina la Kimakonde: chikungunya. Kirusi chake huzunguka pia kati ya nyani na mbu wa msituni. Suala la virusi kuvuka kutoka kwa mnyama kuja kwa mtu tumezaliwa nalo.

Kazi inaanzia machinjioni, alfajiri. Mwombe mchinjaji kwa adabu kipande cha utumbo mwembamba mara tu tumbo linapopasuliwa. Utumbo huoza upesi, na joto la Mtwara halisubiri. Kitie kwenye maji ya chumvi yaliyopoa yenye dawa ya kuua bakteria, kisha barafuni. Andika hapo hapo: mnyama gani, umri, saa ngapi. Kisicho na lebo kitupe, hata kiwe kizuri namna gani.

Maabara, seli shina za utumbo, zile zinazozaa seli nyingine, huchanganywa na jeli ambayo ikiwa baridi ni majimaji, ikipata joto inaganda. Poza kwanza ncha za pipeti, kile kifaa cha kunyonyea majimaji. Ukizubaa jeli inakugandia humo. Baada ya siku chache, kwenye hadubini, unaona vipovu vya mviringo, halafu vinachipua kama vidole. Hizo ndizo oganoidi, vijiutumbo vidogo vilivyooteshwa maabara.

Hapo ndipo nilipoteleza. Nilizimwagia oganoidi za ng'ombe kirusi cha korona kinachoharisha ndama. Siku tatu, kimya. Nikaandika "haziambukizwi". Mwalimu wangu akaniuliza: uso wa utumbo uko upande gani? Oganoidi ni kama utumbo uliofungwa fundo pande zote mbili. Uso unaokutana na chakula umebaki ndani. Kirusi changu kilikuwa kinabisha hodi ukutani. Nilipozipasua kwa kuzipitisha kwenye sindano nyembamba, kikaingia, kikaongezeka. Hebu fikirieni ningekuwa nimeandika hivyo kuhusu popo, ambao virusi vyao vinaweza kuvuka kuja kwa mtu.

Seli za Vero, za figo ya tumbili, zilizoanza kuoteshwa Japani mwaka 1962, msiziache. Zinakuza virusi vizuri. Ila hazitengenezi interferoni, ile king'ora ya seli, kwa hiyo virusi vingi huota humo bila upinzani. Msizitumie kusema mnyama fulani anaambukizwa.

Siku hizi kila sahani yangu ya kuoteshea ina visima viwili, yaani vishimo, vya oganoidi zilizopasuliwa, pamoja na kirusi ninachojua kinaziingia. Kirusi kisipoongezeka hata katika hivyo viwili, siandiki jibu lolote. Narudi machinjioni alfajiri.