Bata mzinga, pai na oveni moja: maandalizi ya Thanksgiving hadi Krismasi

SWALI: Habari za kazi, mpishi. Mwaka huu zamu ya Thanksgiving, ile sikukuu ya Shukrani ya hapa Marekani inayoangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, imeangukia kwetu. Tutakuwa watu 14, watoto wakiwemo, na nusu ya wageni ni Waislamu. Oveni ninayo moja, ya kawaida ya apatimenti. Mwaka jana bata mzinga alikaa ndani saa tano, akatoka amebabuka juu na paja bado bichi. Pai ya boga ilipasuka katikati na chini ikabaki unga mbichi. Tulipanga kula saa tisa alasiri, tukala saa mbili usiku. Nianze lini, na nipange vipi? Na keki ya matunda ya Krismasi niipike wakati gani? (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Dada, kilichokuangusha zaidi ni foleni ya oveni. Bata mzinga mzima wa kulisha watu 14 huikalia oveni kwa saa tatu na nusu hivi, na muda wote huo pai, mikate na viazi vinasubiri zamu. Hesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kula, na ushike kanuni moja: Alhamisi oveni ni ya bata mzinga mpaka atoke. Vingine viwe vimeshaokwa, au vipikwe juu ya jiko.

Tuanze na ukubwa wake. Kadiria gramu 450 kwa kila mtu, mifupa ikiwemo, utapata kilo 6.3, yaani paundi 14. Usichukue mkubwa zaidi ya hapo, hasa kama mezani kutakuwa na pilau. Kwa wageni wako tafuta wa halali, na umwagize kwa mchinjaji mapema Novemba, kwa sababu wiki ya sikukuu ukubwa unaoutaka huenda umekwisha.

Paja lako kubaki bichi huwa na sababu mbili, na mara nyingi zote hukutana. Ya kwanza ni barafu. Kwenye friji bata mzinga huyeyuka kwa mwendo wa saa 24 kwa kila paundi nne hadi tano. Huyu wa paundi 14 anahitaji siku tatu mpaka nne, kwa hiyo mtoe friza Jumamosi asubuhi, umweke rafu ya chini kabisa ya friji ndani ya trei yenye kingo ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. (Walioko Kanada, ambako sikukuu hii ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, wahesabu siku zilezile kutoka Jumatatu.) Usimwache juu ya meza ya jikoni usiku kucha: nje atafika joto la bakteria kuzaliana huku ndani bado ni jiwe. Ukichelewa, mzamishe kwenye maji baridi akiwa kwenye mfuko usiopitisha maji, dakika 30 kwa kila paundi, na ubadilishe maji kila nusu saa. Huyu wako atakula saa saba kwa njia hiyo, na akitoka majini apikwe siku hiyohiyo.

Sababu ya pili ni umbo. Akiokwa mzima, kidari kiko juu kwenye moto na mapaja yamejificha pembeni, kwa hiyo kidari hukauka kabla paja halijaiva. Dawa ni kumpasua mgongo na kumlaza bapa. Muda wa kuoka unapungua karibu nusu, na ngozi yote inakauka vizuri kwa kuwa yote imetazama juu. Utakosa ile picha ya bata mzinga mzima katikati ya meza, na kwa maoni yangu hasara hiyo ni ndogo.

Jumanne jioni mlaze kifudifudi. Kwa mkasi mkubwa wa jikoni kata upande mmoja wa uti wa mgongo kuanzia mkiani mpaka shingoni, kisha upande wa pili, utoe uti mzima. Mkasi ukikwama kwenye kiungo cha nyonga, usilazimishe. Sogea nusu sentimita kuelekea uti, au malizia kwa kisu kizito. Mgeuze, weka viganja vyote viwili katikati ya kidari, kandamiza kwa uzito wa mwili mpaka usikie mfupa umelia. Akilala bapa, ndiyo tayari.

Sasa chumvi. Kwanza soma kifungashio: wengi wanaouzwa madukani wameshaongezewa maji ya chumvi kiwandani, na kifungashio kitataja asilimia yake. Huyo usimtie chumvi nyingine, mpake pilipili manga, kitunguu saumu na siagi tu. Kama hajaongezewa, pima gramu 60 za chumvi laini, ambayo ni vijiko vya chakula vitatu na kidogo. Tenga ngozi na nyama ya kidari kwa vidole, tia sehemu ya chumvi humo ndani, iliyobaki nyunyiza pande zote. Mrudishe friji bila kumfunika mpaka Alhamisi. Chumvi itaingia ndani ya nyama na kuisaidia kushika maji yake, na hewa ya friji itakausha ngozi iwe ya kukatika mdomoni. Najua kwetu kuku haingii sufuriani bila kuoshwa kwa ndimu. Huyu usimwoshe: maji yanayoruka hutawanya bakteria kwenye sinki, mabomba na kachumbari yako ya pembeni. Mfute kwa karatasi za jikoni.

Usiku huohuo kaanga ule uti wa mgongo, shingo na firigisi hadi viive rangi, ongeza kitunguu, karoti na lita mbili za maji, chemsha polepole saa mbili. Ini usiliweke, huleta uchungu. Ukichuja utapata supu ya kutengenezea mchuzi mzito: yeyusha gramu 60 za siagi, kaanga humo gramu 60 za unga wa ngano dakika tatu, kisha mimina lita moja ya supu kidogokidogo ukikoroga. Ukimimina yote kwa mkupuo, unga utafanya madonge. Mchuzi huu hukaa friji mpaka Alhamisi, na siku yenyewe unaongezea tu yale maji yaliyodondoka kwenye trei.

Jumatano ni ya pai. Ganda lake unaweza kulitengeneza hata mapema Novemba na kulihifadhi friza likiwa limeshasukumwa na kutandazwa kwenye chombo. Kwa chombo kimoja cha sentimita 23 tumia unga gramu 160, siagi baridi gramu 115, nusu kijiko cha chai cha chumvi na maji ya barafu vijiko vya chakula vitatu mpaka vinne. Siagi ibaki vipande vidogo kama kunde, usiikande ikapotea, kwa kuwa vipande hivyo vikiyeyuka ovenini ndivyo vinavyoacha tabaka. Watu 14 wanataka pai mbili.

Chini kulibaki kubichi kwa sababu ulimimina boga kwenye ganda bichi. Boga lina maji mengi, na unga ulio chini yake haupati joto la kutosha kukauka. Oka ganda kwanza: lipoze friji nusu saa, tandika karatasi ya kuokea juu yake, jaza maharage makavu mpaka ukingoni, oka kwa nyuzi 200 (400 za Fahrenheit) dakika 20 hadi 25. Ondoa karatasi na maharage, rudisha dakika nyingine nane mpaka lianze kubadilika rangi. Tumia chombo cha bati. Cha kioo kikitoka friza kuingia oveni yenye moto kinaweza kupasuka vipandevipande.

Kwa kila pai changanya kopo moja la boga lililopondwa (gramu 425), mayai mawili, sukari gramu 150, maziwa mazito ya kopo yasiyo na sukari mililita 350, kijiko cha chai cha mdalasini, nusu kijiko cha tangawizi ya unga, robo ya karafuu na nusu kijiko cha chumvi. Soma kopo vizuri, maana rafu hiyohiyo ina makopo ya boga lililokwisha kutiwa sukari na viungo; ukilichukua hilo kwa kipimo hiki, pai itakuwa tamu ya kukwaruza koo. Oka kwa nyuzi 175 (350 za Fahrenheit) dakika 40 hadi 50. Itoe ukingo ukiwa umeshikamana na katikati, kama upana wa bilauri, bado panatikisika ukigusa chombo. Yako ilipasuka kwa sababu ulisubiri katikati pakauke: yai likizidi moto hujikunja, na likijikunja linavuta pai mpaka inaachana. Ukiwa na kipimajoto, nyuzi 79 katikati zinatosha. Ikipoa saa mbili, iweke friji.

Mikate midogo pia iokwe kabla, hata wiki mbili nyuma, na igandishwe. Kwa mikate 15: unga gramu 500, maziwa ya vuguvugu mililita 270, yai moja, sukari na siagi gramu 60 kila kimoja, hamira ya papo hapo gramu 7, chumvi gramu 9. Kinachowasumbua wengi waliohamia nchi za baridi ni unga kukataa kuumuka. Hamira haijafa. Jikoni kwenye nyuzi 17 unga unataka karibu mara mbili ya muda wa jikoni Dar es Salaam. Uweke ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na sufuria ya maji ya moto, na uufunike, kwa kuwa hewa ya hita ni kavu na hujenga gamba juu ya unga. Oka kwa nyuzi 190 dakika 18.

Kuhusu wageni Waislamu, bata wa halali peke yake hatoshi. Zile peremende laini nyeupe zinazotandazwa juu ya viazi vitamu kwa kawaida zina jelatini, na mara nyingi ni ya nguruwe. Baadhi ya maganda ya pai ya kununua yametiwa mafuta ya nguruwe. Vanila halisi ya maji, kwa sheria ya Marekani, ina alkoholi isiyopungua asilimia 35. Viazi vitamu vipike kwa tui: kilo mbili, kopo moja la tui lililoongezwa maji kiasi hichohicho, iliki na chumvi kidogo, vikikaribia kuiva mimina kopo la pili na upunguze moto tui lisikatike. Havigusi oveni kabisa.

Sasa Alhamisi yenyewe. Saa sita mchana washa oveni nyuzi 220 (425 za Fahrenheit). Tandaza vitunguu na karoti kwenye trei pana, mimina vikombe viwili vya maji ili mafuta yanayodondoka yasiungue na king'ora cha moshi kikalia, mlaze bata juu, ngozi ikitazama juu. Aingie saa sita na nusu. Maji yakikauka, ongeza. Anza kupima baada ya dakika 70, ingawa wa ukubwa huu mara nyingi hufika dakika 90 hadi 105. Choma kipimajoto katikati ya kidari, kisha kati ya paja na mwili bila kugusa mfupa: kote isomeke nyuzi 74, yaani 165 za Fahrenheit. Kama bata wako ameuzwa na kile kipini cha plastiki kinachochomoza chenyewe nyama ikiiva, usikiamini, kinasikiliza sehemu moja tu. Wala rangi usiiamini. Nyama iliyo karibu na mfupa inaweza kubaki ya pinki ilhali imeiva. Ngozi ikiwahi kuiva, mfunike kwa foili. Mjazo wa mkate uoke kwenye chombo chake Jumatano. Ukiuweka tumboni kwa bata, nao lazima ufike nyuzi 74, na mpaka ufike kidari kimeshakuwa mbao.

Akitoka saa nane na robo apumzike nusu saa kabla ya kukatwa. Ukijumlisha muda wa kukata, umepata dakika 45 za oveni tupu. Ishushe hadi nyuzi 175, ingiza mjazo, na makaroni ya kuoka kama umeyaandaa, vipate moto, na dakika 12 za mwisho mikate iliyofungwa kwa foili. Vyote vitafika mezani saa tisa. Akiiva mapema, msiwe na wasiwasi, mfunike kwa foili bila kubana na atabaki na joto kwa muda mzuri. Baada ya kula, nyama itolewe mifupani na iingie friji ndani ya saa mbili, kwenye vyombo visivyo na kina. Ina siku tatu hadi nne; zaidi ya hapo, friza.

Keki ya Krismasi iokwe wikiendi inayofuata, oveni ikiwa imepumzika. Loweka usiku kucha gramu 700 za zabibu kavu na matunda makavu mengine kwenye kikombe cha chai ya rangi nzito na maji ya chungwa moja. Yachuje na kuyafuta, kisha yapakaze kijiko kimoja cha unga wa keki, la sivyo yatazama chini. Saga siagi gramu 225 na sukari ya kahawia gramu 225, tia mayai manne moja moja, kisha unga gramu 250 na vijiko viwili vya chai vya viungo vya keki, halafu matunda. Mayai ya moja kwa moja kutoka friji hukata mchanganyiko, hasa jikoni kukiwa na baridi. Yaweke kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi. Chombo cha sentimita 20 kitandike karatasi mara mbili, oka kwa nyuzi 150 (300 za Fahrenheit) saa mbili na nusu hadi tatu.

Wanaokaa na keki hii kabatini wiki nne huinywesha pombe, na hiyo ndiyo inayoilinda. Yako ya chai haina ulinzi huo, kwa hiyo ikipoa kabisa ifunge kwa karatasi na foili, uiweke friza. Itoe tarehe 23 Desemba na uiache iyeyuke ikiwa bado imefungwa, ili unyevu utue juu ya foili na keki ibaki kavu.