Maswali na majibu: Je, tulipe ada ili tuingizwe kwenye ruzuku ya sola na intaneti?

SWALI: Tunaishi shambani kusini mwa jimbo la Illinois, Marekani. Intaneti yetu ni ya kubahatisha na bili ya umeme inazidi kupanda. Alikuja kijana amevaa kitambulisho shingoni, akasema jimbo limetenga fedha za sola na intaneti ya vijijini, na kwamba tukimlipa ada ya usajili atatuingiza kwenye orodha kabla fedha hazijaisha. Je, fedha hizo zipo? Tunaziombaje?

JIBU: Fedha zipo, dada yangu. Lakini orodha ya kaya anayoisema huyo kijana haipo, na ada usimpe.

Swali hili huletwa kwangu mara kwa mara, na karibu kila anayeuliza anaamini kwamba ruzuku ni bahasha yenye jina lake, imewekwa ofisini ikisubiri fomu. Imani hiyo ndiyo mtaji wa matapeli.

Kwa upande wa intaneti, sheria ya miundombinu ya serikali kuu ya 2021 ilitenga dola bilioni 42.45 kwa BEAD, mpango wa kufikisha intaneti yenye kasi pasipokuwa nayo, zikagawanywa kwa majimbo. Illinois ilipangiwa zaidi kidogo ya bilioni moja. Kabla ya hapo, mwaka 2019, jimbo lenyewe lilitenga dola milioni 400 kwa Connect Illinois, mpango wake wa intaneti. Katika mipango yote miwili anayelipwa ni mjenzi: kampuni ya simu, ushirika au serikali ya mtaa. Anashindana na wenzake, anachangia fedha zake, na mara nyingi anachimba mtaro na kulaza nyaya za faiba. Kaya haina cha kujaza.

Kazi yako ni kuangalia ramani. Fungua ramani ya taifa ya intaneti ya tume ya mawasiliano, FCC, uandike anwani yako. Utaona nukta inayowakilisha nyumba yako juu ya paa lako, au utaikuta imewekwa juu ya ghala, au usiione kabisa. Soma na kasi iliyoandikwa hapo. Mahali pasipofikia megabiti 25 za kupakua na 3 za kupakia huhesabiwa hapana huduma, na pasipofikia 100 kwa 20 huhesabiwa huduma haitoshi. Sasa, kama kampuni imedai kwamba inatoa 100 kwenye anwani yako, na ulipowapigia wakakujibu kwamba hawafiki huko, basi kwenye makaratasi nyumba yako ina intaneti nzuri na ruzuku inakuruka. Andika tarehe uliyopiga, tunza barua pepe yao, uwasilishe pingamizi hapo hapo kwenye ramani. Hulipi hata senti. Nyumba ngapi zimerukwa kwa kosa la namna hiyo, huku wenyewe wakihangaika na vijana wa vitambulisho!

Sola nayo haitofautiani sana. Mpango wa Illinois Shines unaendeshwa kwa tozo ndogo iliyomo kwenye bili za umeme. Mpango huo hununua vyeti vya nishati jadidifu, yaani umeme safi, ambayo mtambo wa juu ya paa utazalisha kwa miaka 15, na malipo huenda kwa muuzaji aliyeidhinishwa, tena baada ya mtambo kuwashwa. Wewe unafaidika pale tu muuzaji anapokupunguzia bei, ndiyo maana lazima akupe fomu rasmi ya maelezo kabla hujatia saini mkataba. Isome mstari kwa mstari. Wenye kipato kidogo wana Illinois Solar for All, ambayo haidai malipo ya kuanzia. Majina ya wauzaji walioidhinishwa yapo wazi kwenye tovuti za mipango hiyo.

Kinachonikera kuliko vyote ni maneno "sola ya bure". Nafuu ya kodi ya serikali kuu ya asilimia 30 kwa wenye nyumba haikuwa fedha taslimu hata siku moja. Ilipunguza kodi unayodaiwa, na asiyedaiwa kodi hakupata kitu. Hata hiyo imeondolewa kwa mitambo iliyofungwa baada ya 31 Desemba 2025, lakini wapo wanaoendelea kuitangaza mlangoni. Wanachokuletea mara nyingi ni mkataba wa kukodi wa miaka 20 au 25, malipo yakipanda kila mwaka, na madai yaliyosajiliwa serikalini dhidi ya mtambo, ambayo utakutana nayo siku unapotaka kuuza nyumba. Mwezi Agosti 2024 wizara ya fedha ya Marekani na mashirika ya kulinda walaji yalitoa onyo la pamoja kuhusu biashara hii. Vikundi vinavyoomba ruzuku navyo vinatapeliwa: kujisajili SAM.gov, tovuti ya serikali kuu, ili kuomba ruzuku za serikali kuu ni bure, ila kuna kampuni zinazotoza mamia ya dola kwa kazi hiyo.

Na kama mlishasaini mkataba hapo nyumbani, sheria ya serikali kuu inawapa hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi baada ya kusaini kuufuta. Fanyeni kwa maandishi, mtume kwa barua ya rejista, na mbaki na nakala.