Kwa masaisi wapya: farasi mwenye shivasi

Kila wanapoingia masaisi wapya bandani, kosa linarudi lile lile. Farasi mwenye shivasi, yaani ugonjwa wa neva unaomtetemesha mguu wa nyuma, amepungua mapaja, basi anaongezewa nafaka. Wiki chache baadaye ana nguvu za kurukaruka, lakini mapaja ni yale yale. Tunawapenda kwa huruma yenu, ila huruma bila mizani inamuumiza mnyama.

1. Jua unachotazama. Akienda mbele hatua kwa hatua, huenda usione kitu. Mrudishe nyuma: mguu wa nyuma unapanda, unatoka pembeni, unatetemeka hewani kwa sekunde kadhaa kabla ya kutua, na mkia unainuka. Anayerusha mguu juu kwa ghafla hata akitembea mbele huenda ana stringihalti, ugonjwa mwingine wa miguu ya nyuma. Kwa huyo, kabla ya lolote kagua magugu ya malishoni, huenda ndiyo chanzo. Shivasi chanzo chake kiko kwenye serebelamu, sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo, na hakuna chakula kinachouponya. Tunalisha ili misuli iliyobaki ibaki.

2. Pima kwa kilo, si kwa kukadiria kwa macho. Farasi wa kilo 500 anahitaji nyasi kavu kilo 7.5 hadi 10 kwa siku. Zikiwa na sukari nyingi, ziloweke kwenye maji baridi kwa dakika 30 hadi 60, na hayo maji yamwagwe, asiyanywe. Nafaka na molasi toa. Akikonda, nguvu zitoke kwenye mafuta, lusani (alfalfa), na makapi ya viazisukari yasiyo na molasi, yaliyolowekwa vizuri.

3. Vitamini E. Hapa ndipo panapoharibika, kwa hiyo someni polepole.

Nyasi mbichi zina vitamini E ya kutosha. Zikikatwa na kukaushwa, nyingi hupotea, na kadiri zinavyokaa ghalani ndivyo zinavyozidi kupungukiwa. Farasi anayekula nyasi kavu tu huongezewa, na mwenye tatizo la neva daktari mara nyingi humwandikia yuniti 5,000 kwa siku, wakati mwingine zaidi. Saisi anatazama rafu, anakuta kopo limeandikwa vitamini E na seleniamu. Anapiga hesabu ya vitamini E peke yake. Tuseme kijiko kimoja kina yuniti 1,000 na seleniamu miligramu 2. Anataka 5,000, anaweka vijiko vitano. Miligramu 10 za seleniamu hizo, kwa mnyama anayehitaji takriban moja tu kwa siku, na bado hujahesabu iliyomo kwenye madini ya kulamba na kwenye nyasi zenyewe.

Seleniamu ikizidi kwa miezi, nywele za shingo na mkia zinakatika, na ukwato unapasuka kwa mstari wa kulala chini ya utepe wa juu, pale nywele zinapokutana na ukwato. Farasi anachechemea. Saisi anaona mwendo umeharibika, anasema ugonjwa umezidi, anaongeza kijiko cha sita! Hili ndilo linalotuuma: mnyama anaumizwa na mtu anayemjali kwa dhati, na kila siku anayomjali ndivyo anavyozidi kumuumiza.

Kwa hiyo tumia vitamini E isiyochanganywa na seleniamu. Soma lebo: ya asili huandikwa d-alfa, ya kutengenezwa dl-alfa, na ya asili, hasa inayoyeyuka majini, ndiyo inayopandisha kiwango cha damu vizuri zaidi. Damu ipimwe kabla ya kuanza na tena baada ya wiki kadhaa. Kiwango kisipungue mikrogramu 2 kwa mililita. Chupa ya damu ifunikwe isipigwe na mwanga, ikae kwenye baridi, la sivyo majibu yatashuka bila sababu na mtamwongezea dozi bure.

4. Mafuta ya mimea: anza na mililita 60, panda taratibu kwa wiki mbili hadi tatu. Ukiyaharakisha, kinyesi kitalegea. Mafuta yakiongezeka, vitamini E nayo iongezeke.

5. Kwato. Msivute mguu juu. Ushikeni chini, karibu na ardhi, chini ya tumbo badala ya kuutoa nyuma, na mkiona unaanza kutetemeka urudisheni atulie, kisha mwendelee. Sakafu iwe kavu, isiyoteleza. Asiyeweza kabisa kusimama, daktari amtulize kwa dawa kabla fundi kwato hajaanza. Kumpiga au kumkaripia hakusaidii, kwa sababu hagomi, mguu haumtii. Na msimfungie bandani akae siku nzima mkidhani mnampumzisha. Kufungiwa humzidishia. Atolewe kila siku, aachiwe uwanjani saa nyingi iwezekanavyo, na mazoezi yawe ya kawaida bila kuruka siku. Akipumzishwa kwa jeraha, punguza chakula cha nguvu siku hiyo hiyo, ila vitamini E iendelee.