Ukaguzi wa usalama hotelini uanzie uani

Anayekwenda kukagua usalama wa wafanyakazi katika hoteli ya Nungwi au Paje, Zanzibar, hukaribishwa mapokezi, akaletewa kahawa, kisha faili. Faili huwa limepangika: vyeti vya mitungi ya kuzimia moto, orodha ya waliofundishwa huduma ya kwanza, sera yenye sahihi ya mkurugenzi. Ushauri wetu ni kuliacha mezani mpaka mchana na kwenda kwanza uani: stoo ya dawa za bwawa, jikoni, dobi, chumba cha jenereta, na pale lilipo karo, yaani shimo la maji taka. Huko ndiko watu wanakoumia. Ukilisoma faili baada ya kupita huko, utajua karatasi ipi inasema kweli.

Jambo moja la karatasi litangulie, nalo ni fomu. Zipo kampuni zinazovuka na fomu za Bara zinazotaja sheria ya usalama kazini ya huko, Na. 5 ya 2003. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Usalama na Afya Kazini, Na. 8 ya 2005, na wakaguzi wake wako chini ya wizara ya huku yenye dhamana ya kazi. Ripoti iliyojengwa juu ya sheria ya upande wa pili haitamfaa mwenye hoteli siku mkaguzi wa serikali akibisha hodi.

Sasa stoo ya dawa za bwawa. Fungua mlango, simama nje, subiri hewa ipite. Harufu kali ya klorini maana yake kuna chombo hakikufungwa vizuri au unga umeloa. Kisha tazama kipi kimekaa karibu na kipi. Klorini na asidi ya kushusha pH (kipimo cha uchachu wa maji) vikikutana hutoa gesi ya klorini. Ni nzito kuliko hewa, hutanda chini, na huunguza mapafu. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni galoni la asidi kuwekwa rafu ya juu na ndoo za klorini chini yake. Galoni likivuja usiku, asidi yote inashukia kwenye klorini. Viwe vyumba viwili, na kila galoni la asidi likae ndani ya beseni la plastiki lenye uwezo wa kupokea kila kilichomo.

Kosa la pili linajificha zaidi: kopo moja la kupimia dawa zote. Unga wa klorini na vidonge vya klorini vinaonekana ndugu, lakini mara nyingi ni kemikali mbili tofauti, na zikichanganyika, hasa zikipata unyevu, zinaweza kuwaka au kulipuka. Kila ndoo iwe na kopo lake, kavu, limefungwa kwa kamba kwenye mpini ili lisihame. Halafu mwite kijana wa bwawa. Usimuulize kama anajua kuchanganya, maana atasema anajua. Mwambie, "Hebu nionyeshe." Akitia dawa kwenye ndoo tupu ndipo amimine maji, umepata jambo la kwanza la ripoti: maji hutangulia, dawa hufuata. Fungulia pia bomba la kuoshea macho. Linatakiwa litoe maji safi dakika 15 mfululizo. Likitegemea maji ya mjini peke yake bila tangi juu, siku ya mgao halipo.

Karo ndilo linalotutia hofu kuliko vyote. Kinyesi kinapooza hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo ikizidi huua uwezo wa kunusa. Kwa hiyo fundi aliyeko ndani akisema "harufu imekwisha", huenda ndiyo dakika yake ya mwisho. Anaanguka, mwenzake anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Kushusha mshumaa au taa ya mafuta kupima hewa ni hatari juu ya hatari: mwali hauonyeshi gesi hiyo ya sumu, na karo lina methani inayowaka. Katika ukaguzi uliza maswali haya, na majibu uyaone kwa macho: Je, kazi inaweza kufanywa kwa pampu kutoka juu bila mtu kuingia? Kama lazima aingie, kiko wapi kipimo cha gesi chenye kusoma oksijeni? Hewa ya kawaida ina asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5, hakuna anayeingia. Iko wapi mikanda ya mwilini na winchi ya kumvuta mtu bila mwingine kushuka? Nani anakaa juu muda wote, hatumwi dukani wala hajibu simu? Kikikosekana kimoja, kazi haifanyiki. Vibarua walioletwa na mkandarasi nao wamo katika hesabu hii. Wasihesabiwe kuwa wageni.

Mengine tuyapite upesi. Umeme: chumvi ya bahari hula viungio, kwa hiyo fungua visanduku vya pampu utazame kutu ya kijani. Bonyeza kitufe cha majaribio cha kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachokata umeme unapovuja. Kisipokata, kibadilishwe siku hiyo. Kitufe hakipimi waya wa ardhini, huo unapimwa na fundi kwa mita. Gesi ya kupikia: povu la sabuni kwenye kila kiungio, kamwe si kiberiti. Gesi hiyo huzama, basi matundu ya hewa yawe chini ukutani, si juu peke yake. Mitungi ya kuzimia moto: ya unga, mshale uwe kwenye kijani na mdomo wake usiwe umejengwa na nyigu, ya kabonidayoksaidi haina mshale, hupimwa kwa mizani, na ikipungua zaidi ya asilimia 10 inajazwa upya. Kwa hoteli za Mji Mkongwe, ambako gari la zimamoto haliwezi kuingia vichochoroni, mwombe mlinzi wa usiku afungue mlango wa wafanyakazi mbele yako. Akianza kutafuta ufunguo wa kufuli, andika.

Wakati wa kukagua una uzito wake. Ukija Agosti utaona jiko limejaa, moto, mafuta, sakafu yenye maji. Lakini hoteli nyingi hufunga Aprili na Mei, masika yakikolea, na hapo ndipo karo hufunguliwa, ngazi husimamishwa, rangi hupakwa katika vyumba visivyo na hewa. Hatari imehama na wewe hukuiona. Ukaguzi uwe mara mbili. Ramadhani nayo ihesabiwe: mtu aliyefunga asipangiwe kubeba matofali saa nane mchana, kazi nzito ipelekwe asubuhi mapema.

Ripoti isizidi kurasa ambazo meneja atazisoma. Kila jambo liwe na mahali, kilichoonekana, jina la mtu mmoja wa kulirekebisha, na tarehe. "Uongozi utahakikisha" si jina la mtu. Panga kwa mafungu matatu: linalosimamisha kazi sasa hivi, la wiki hii, la mwezi huu. Na usijibu kila jambo kwa "wavae glavu". Glavu ni kinga ya mwisho. Kwanza uliza kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa, kisha kubadilishwa, kisha kuzibwa.

Siku ya 14 rudi na orodha ileile, bila kutoa taarifa. Pita uani tena, fungua stoo, shika lile kopo uone kama bado limefungwa kwa kamba.