Bei ya Rafuni na Bei ya Risiti

Nina duka la ushonaji Makoroboi. Dada yangu yuko Houston, nikamtumia fedha aninunulie cherehani ya umeme iliyoandikwa dola 240 mtandaoni. Risiti imekuja na dola 259.80. Je, duka limetuzidishia?
Msomaji wa Makoroboi, Mwanza

Hapana, hesabu ya duka ni sahihi. Marekani haina kodi ya mauzo ya serikali kuu. Kila jimbo hujipangia kiwango chake, na chini ya jimbo, kaunti, jiji au hata mamlaka ya usafiri wa umma inaweza kuongeza sehemu yake. Jimbo la Texas linatoza asilimia 6.25, na sheria yake inaruhusu ngazi za chini kuongeza hadi asilimia 2 tu. Houston imeijaza nafasi hiyo yote: asilimia 1 ya jiji na asilimia 1 ya mamlaka ya mabasi na treni. Jumla ni 8.25.

Hesabu ya cherehani yako iko hivi. Sehemu ya jimbo ni 240 × 0.0625, yaani dola 15.00. Sehemu ya chini ni 240 × 0.02, yaani dola 4.80. Kodi yote ni dola 19.80, nayo inaongezwa juu ya 240. Angalia kwamba viwango vinajumlishwa kwanza, kisha vinazidishwa kwa bei mara moja. Wapo wanaotoza kodi ya jiji juu ya bei ambayo tayari ina kodi ya jimbo. Hilo ni kosa, kwa sababu sehemu zote mbili zinakokotolewa kwa bei ileile ya awali.

Kiwango hakikuonekana mapema kwa sababu bei ya tangazo kule haina kodi ndani yake. Duka la mtandaoni halijui litoze kiasi gani mpaka mnunuzi aandike anwani ya kupokelea mzigo, kwa kuwa katika majimbo mengi kodi hufuata mahali mzigo unapofikishwa. Kabla ya kutuma fedha, mwombe dada aweke bidhaa kwenye kikapu, aandike anwani kamili, kisha akutumie picha ya ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa. Msimbo wa posta peke yake hautoshi. Misimbo ilipangwa kwa ajili ya barua, na msimbo mmoja unaweza kuvuka mpaka wa jiji, upande mmoja ukawa na kodi ya jiji na wa pili usiwe nayo. Mamlaka za kodi za Texas na California zina ukurasa wa kutafuta kiwango kwa anwani ya nyumba, tumieni huo.

Jambo jingine nje ya kodi, ila ni la fedha yako: soma kibao kilichobandikwa kwenye hiyo cherehani, kinachotaja volti zake, kabla ya kuichomeka. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, wetu ni 230.

Mtunza hesabu wangu alinunua friza kwa ajili ya duka, sh. 1,180,000, risiti ya EFD (mashine ya kodi) ipo. Ameandika VAT sh. 212,400. Mwenzangu anasema ni 180,000. Nani yuko sahihi?
Mfanyabiashara, Nyamagana

Mwenzako. Mtunza hesabu amezidisha 1,180,000 kwa asilimia 18, akasahau kwamba bei hiyo tayari imebeba kodi. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18 ya bei kabla ya kodi. Kama bei kabla ya kodi ni sehemu 100, uliyolipa ni sehemu 118, na kodi ni sehemu 18 kati ya hizo 118. Kwa hiyo zidisha kwa 18, gawanya kwa 118: unapata 180,000. Bei kabla ya kodi ni 1,000,000. Kagua kwa kurudi nyuma: 1,000,000 × 0.18 ni 180,000, ukijumlisha unarudi kwenye 1,180,000. Kwa namba yake, ukitoa 212,400 unabaki na 967,600, na asilimia 18 ya hiyo haifiki 212,400. Hesabu isiyorudi ilipotoka ni hesabu yenye kosa.

Kwako kosa hili ni zito ikiwa umesajiliwa kwa VAT na unadai kurudishiwa VAT uliyolipa kwenye manunuzi. Ungedai sh. 32,400 zaidi ya zilizoandikwa kwenye risiti, na risiti hiyo Mamlaka ya Mapato (TRA) wanayo kwenye mfumo wao. Rekebisha kabla ya kuwasilisha ritani, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Usikokotoe upya kitu ambacho risiti imeshakitaja: nakili mstari wa kodi kama ulivyo. Kwenye risiti moja kunaweza kuwa na bidhaa zilizosamehewa VAT pamoja na zinazotozwa, na hapo 18 kwa 118 ya jumla yote itakupa namba isiyo ya kweli.

Sisi wanafunzi watano hapa Nyegezi tunaagiza vitu pamoja kupitia mjomba wa mmoja wetu aliyeko Chicago. Anatutumia jumla tu. Tugawaneje kodi bila ugomvi?
Msomaji wa Nyegezi

Mwaka 2025 Chicago bidhaa za kawaida zilitozwa asilimia 10.25: jimbo la Illinois 6.25, kaunti ya Cook 1.75, jiji 1.25, na mamlaka ya usafiri ya eneo hilo 1. Kama kila kitu kwenye risiti kinatozwa kiwango hicho, gawanya jumla kwa 1.1025. Jumla ya dola 441 inakupa 400 kabla ya kodi na kodi 41. Mwenye kitu cha dola 120 analipa 120 × 1.1025, yaani 132.30, wenye vitu vya 280 wanalipa 308.70. Ukijumlisha unarudi kwenye 441.

Ugomvi huanzia penye punguzo. Punguzo la duka lenyewe linapunguza bei inayotozwa kodi. Kuponi ya kiwanda, kwa majimbo mengi, haipunguzi, kwa sababu kiwanda kinamrudishia muuzaji hiyo tofauti, na mbele ya sheria muuzaji amepokea bei kamili. Chukua kitu cha dola 50 chenye punguzo la dola 10. Likiwa la duka, kodi ni 40 × 0.1025, dola 4.10. Likiwa la kiwanda, kodi ni 50 × 0.1025, dola 5.125, inayoandikwa 5.13. Usafirishaji nao una sheria zake kwa kila jimbo: Texas huutoza kodi kama bidhaa yenyewe inatozwa, wakati California kwa kawaida haiutozi ukiandikwa peke yake na mzigo ukabebwa na posta au msafirishaji wa kukodi.

Mwombeni mjomba risiti yenye mistari yote, siyo jumla. Senti moja au mbili zikibaki kwa sababu ya kukadiria, mwenye kitu cha bei kubwa azibebe.

Nataka kaka yangu aliyeko Dallas aagize mzigo upite kwenye anwani ya Delaware tukwepe kodi. Ni halali?
Msomaji wa Igoma

Inategemea mzigo unaishia wapi. Majimbo matano hayana kodi ya mauzo ya jimbo: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. Mzigo ukipokelewa Delaware na kampuni ya kusafirisha, kisha ukaja Mwanza moja kwa moja, hakuna kodi ya mauzo na hakuna ulichokwepa. Ukirudishwa Dallas ili kaka autumie, anadaiwa na Texas kodi ya matumizi kwa kiwango kilekile cha kodi ya mauzo. Alaska itazameni kwa makini: jimbo halitozi, ila miji yake inaruhusiwa kutoza, na Juneau inatoza asilimia 5.

Zamani watu walikwepa kwa kununua tu kutoka kwa muuzaji wa jimbo jingine. Tarehe 21 Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya jimbo la Dakota Kusini dhidi ya Wayfair, duka la samani la mtandaoni, kwamba jimbo linaweza kumtaka muuzaji wa mbali akusanye kodi hata kama hana duka wala ghala ndani ya jimbo hilo.

Kabla ya kuhangaika, linganisha. Kodi ya Dallas kwa kitu cha dola 240 ni 19.80. Kampuni ya kupokelea ikitoza zaidi ya hapo kwa kushughulikia mzigo, umepata hasara.

Shemeji yuko jijini New York. Viatu jozi mbili za dola 95 kila moja havikutozwa kodi, jozi ya dola 120 ikatozwa. Kwa nini?
Mama wa Kirumba

Jijini New York nguo na viatu vya chini ya dola 110 kwa kila kipande, au kwa kila jozi, havitozwi. Jumla ya risiti haiangaliwi. Jozi ikifika 110, kodi ya asilimia 8.875 inatozwa bei yote, siyo ile ziada tu: 120 × 0.08875 ni dola 10.65.

Nikishalipa kodi Marekani, forodha huku wananipunguzia?
Msomaji wa Ilemela

Hapana. Kodi za huku zinahesabiwa upya, na msingi wake, kwa mzigo wa meli, ni thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima. Tuseme jumla hiyo ni sh. 1,000,000 na ushuru wa forodha kwa bidhaa yako ni asilimia 25. Ushuru ni 250,000. VAT inakokotolewa kwa 1,250,000, nayo ni 225,000. Bado kuna tozo nyingine za forodha, kwa hiyo mwombe wakala akuandikie kila tozo na msingi wake kabla mzigo haujaondoka Marekani.