Mama Mgonjwa na Mfungo wa Jumuiya

SWALI: Jumuiya yetu ndogo ndogo imekubaliana kufunga kila Ijumaa ya Kwaresima na kutia pesa ya chakula tulichojinyima kwenye bahasha ya sadaka. Je, mama yangu mwenye miaka 67, anayetumia dawa za kisukari, anatenda dhambi akinywa uji asubuhi?

JIBU: Hapana. Sheria ya Kanisa Katoliki huwadai mfungo waliotimiza miaka 18 mpaka watimize 59, tena Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tu, ilhali kujinyima nyama huanzia miaka 14. Ijumaa nyingine mnazofunga ni makubaliano yenu, mazuri kweli, lakini hayamlazimishi mgonjwa. Anywe uji wake, na bahasha impitie kama wengine. Kwenye ibada ya Njia ya Msalaba mwekeeni kiti. Vituo 14 huchosha magoti.